Msiuze Gari Kuukuu la Zimamoto kwa Chuma Chakavu

Kithyoko, katika Kaunti ya Machakos, ni mji wa barabarani. Anayetoka Thika kwenda Mwingi au Garissa huupita baada ya Matuu, na gari likipunguza mwendo tu, wachuuzi hulikimbilia na bidhaa zao kabla dereva hajavuta breki ya mkono. Kila nikikaa hapa naona vitu vitatu vikiishi kwa ujirani: karai la chipsi linalochemka, mitungi ya gesi iliyopangwa mlangoni mwa duka, na jerikani la petroli la kuwauzia watu wa bodaboda. Kinachovitenganisha ni mabati na mbao, na mbao zenyewe zimekaushwa na jua la eneo letu la Masinga mpaka hazina tofauti na kuni. Lori la mafuta likipita kuelekea Garissa hakuna anayegeuza shingo.

Kitu kingine ninachokiona mara kwa mara kiko mbali na barabara, nyuma ya afisi za serikali za kaunti zetu hapa nchini. Ni gari la zimamoto lililokufa. Wekundu wake umepauka ukawa rangi ya matofali, matairi yameng'olewa, nyasi zimeota ndani ya kabati la mipira ya maji. Linangoja mnada. Siku ya mnada litanunuliwa kwa kilo, likatwe vipande, na baada ya miezi michache huenda likaturudia likiwa jiko la makaa. Gari lililozima moto miaka ishirini linamaliza maisha yake likipika maharagwe!

Mimi nasema magari hayo yasiuzwe. Machakos ichukue hata moja tu, ilisafishe, ilijengee paa, na iwe hiyo ndiyo nguzo ya kwanza ya makumbusho ya zimamoto ya kaunti. Na paa hilo likijengwa Kithyoko, kando ya barabara kuu, nitafurahi zaidi kuliko likijengwa makao makuu ambako tayari kuna kila kitu. Najua watakaocheka. Watu wanalilia maji, huyu analilia makumbusho! Nitawajibu, lakini kwanza twende Kyanguli.

Bweni la Kyanguli

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, ndani ya Machakos hii hii, lilimwagiwa petroli na kuwashwa. Wavulana 67 walikufa. Bweni lilikuwa na milango miwili na mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Wengi wa watoto hao walizikwa pamoja katika uwanja wa shule kwa kuwa haikuwezekana kumtambua huyu na yule.

Kyanguli haikuwa ya kwanza. Miaka 3 nyuma, Machi 1998, wasichana 26 walikuwa wameteketea Bombolulu kule Pwani, katika bweni ambalo nalo lilikuwa na vyuma madirishani. Nchi ililia, wakubwa wakatembelea majivu, makaratasi yakaandikwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni ambao ukiusoma leo hutaona pa kuukosoa: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifungukie nje, kuwe na mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kati isipungue mita 2.

Kisha ikaja Moi Girls Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Kisha Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, watoto 21.

Je, tulikosa sheria? Sheria tulikuwa nayo kabatini. Tulichokosa ni mahali ambapo mwalimu mpya, fundi wa kuchomelea vyuma vya madirisha, mzazi anayempeleka mtoto bweni na mwanachama wa bodi ya shule wanaweza kusimama mbele ya mlango mmoja uliofungwa na kuelewa kwa nini mwongozo unasema ufungukie nje. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Kyanguli sasa ni mtu mzima. Anaweza kuwa ndiye mwalimu wa zamu leo usiku, ndiye mwenye ufunguo wa kufuli. Nani alimsimulia? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sawa, lakini yule ambaye hakuumwa atashtuka kwa kuona nini?

Sisi Wakenya tuna methali nyingine tunayoipenda kupita kiasi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Inafaa sana kwa majirani waliogombania mpaka wa shamba. Kwa moto haifai hata kidogo, kwa sababu moto unaokuja huja kwa njia ile ile uliyopita: mlango mmoja, dirisha lenye vyuma, mafuta karibu na mwali, na maji ambayo hayapo.

Behewa la Kima

Watu hudhani makumbusho ni mambo ya Wazungu na watalii. Nendeni mkaone Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Kati ya injini kuukuu za mvuke kuna behewa moja ambalo watoto wa shule hulizunguka wakinong'onezana. Mwaka 1900 afisa wa polisi wa reli aliyeitwa Charles Ryall alilala ndani yake katika kituo cha Kima, akimvizia simba mla watu. Simba ndiye aliyemvizia yeye. Kima iko Makueni leo, lakini mpaka Makueni ilipotengwa mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya Machakos.

Kwa hiyo kisa cha Ukambani kimetunzwa Nairobi, na kimetunzwa kwa sababu kuna kitu cha kushika: mbao, dirisha, ngazi ambayo simba aliipanda. Bila behewa, Ryall angekuwa mstari mmoja katika vitabu ambavyo havisomwi. Mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 120 iliyopita tunamkumbuka kwa sababu shirika la reli lilikataa kutupa chuma chake. Tunashindwaje kufanya hivyo kwa wale waliookoa nyumba zetu na kwa wale ambao hawakuokolewa?

Kwa umri Machakos haina kisingizio. Ilikuwa kituo cha utawala wakati Nairobi ingali kinamasi cha kunyweshea ng'ombe, na afisa wa kikoloni John Ainsworth aliihamisha afisi yake kutoka hapa kwenda huko 1899, reli ilipofika. Miaka 3 baadaye Nairobi changa ilikuwa na moto wake mkubwa, na ajabu ni kwamba uliwashwa na serikali yenyewe: tauni ilizuka katika soko la Wahindi mwaka 1902 na daktari wa serikali akaamuru vibanda vichomwe. Nadhani kisa hicho nacho kinastahili ukuta katika makumbusho ninayoyasema. Kingewakumbusha wenye vibanda kwamba historia yao na moto haikuanza na mioto ya soko la Gikomba.

Singapore na Tom Mboya Street

Katikati ya Nairobi, kwenye Tom Mboya Street, kuna kituo cha zimamoto ambacho kila abiria wa matatu anakijua kwa jina, kwa kuwa steji imechukua jina lake. Maelfu hupita mlangoni kila siku. Ni wangapi wamewahi kuingia ndani? Ni wangapi wanajua gari lile lina nini kiunoni, mipira inaungwaje, ngazi inafunguliwa kwa mkono au kwa mtambo?

Singapore ilitawaliwa na Mwingereza kama sisi na ilirithi kituo cha zimamoto cha aina hiyo hiyo, kilichokamilika 1908 kwa matofali mekundu na meupe, na mnara juu yake. Hawakukibomoa, wala hawakukigeuza mkahawa. Kituo bado kinafanya kazi, magari yanatoka na ving'ora, lakini upande mmoja wamepanga historia yao: gari la kale la Merryweather lililoundwa London, kofia za shaba, picha za mioto iliyowatia adabu. Jumamosi asubuhi vituo vya huko hufungua milango, watoto wanapanda gari, wanashika mpira wa maji, wanajaribu kofia. Askari wa zimamoto anakuwa mtu wanayemjua, si mtu wa kupigiwa kelele na kurushiwa mawe akichelewa.

Na huko Phoenix, katika jimbo la Arizona, kuna makumbusho makubwa ya zimamoto yaliyoanza kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1955 mke wa tajiri mmoja, George Getz, alimpa mumewe zawadi ya Krismasi: gari kuukuu la zimamoto la mwaka 1924. Bwana akanogewa, akaanza kuokota mengine, na mwaka 1961 akayafungulia umma. Leo wageni wa hapo wanapita kati ya magari ya kusukumwa kwa mkono, ya kuvutwa na farasi, ya mvuke na ya petroli. Sisemi tuwangoje wake wa matajiri wa Machakos. Nasema hata mkusanyiko mkubwa kama ule ulianza na gari moja ambalo mtu mwingine angeliuza kwa kilo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna somo chungu zaidi. Makaburi ya Kasubi jijini Kampala, jumba la nyasi lililojengwa 1882 na baadaye likawa mahali pa kulaza wafalme wa Buganda, yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Waganda walichukua miaka mingi kuyajenga upya, wakaweka na vifaa vya kupambana na moto, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Anayezuru Kasubi sasa hawezi kusimuliwa wafalme bila kusimuliwa moto.

"Gari zima kwanza, mwanangu"

Wazo hili nimewahi kulitaja sokoni, na mama mmoja muuza ndengu akanijibu bila kuinua macho: "Gari zima kwanza, mwanangu. La kutazama baadaye." Hoja yake ina uzito. Gari la zimamoto likitoka Machakos mjini kuja Kithyoko lina safari ya zaidi ya saa moja hata barabara ikiwa nyeupe. Kibanda cha mabati na mbao hakingoji saa moja. Moto ukianza kwenye karai la chipsi saa nane mchana, saa tisa kasoro tunahesabu misumari.

Kwa hiyo kama kaunti ina shilingi moja na lazima ichague, inunue gari zima. Lakini hatulazimiki kuchagua, kwa sababu hilo kuukuu halinunuliwi. Liko tayari, lililipiwa na ushuru wa babu zetu na baba zetu. Gharama ni paa, rangi, sakafu ya saruji na mshahara wa mtu wa kulieleza. Nani analieleza gari la zimamoto kuliko askari wa zimamoto aliyestaafu, ambaye sasa anakaa nyumbani na goti bovu na visa ambavyo wajukuu wamechoka kuvisikia?

Kuna jambo lingine ambalo mama yangu wa ndengu hakulifikiria. Gari zima litadaiwa na nani? Mwananchi hudai anachokijua. Tunadai barabara kwa kuwa tunajua shimo linavyovunja ekseli. Tunadai zahanati kwa kuwa tumebeba wagonjwa kwa bodaboda. Zimamoto tunaidai siku ya moto peke yake, tena kwa matusi, halafu tunasahau.

Chukueni hesabu ndogo. Gari lenye tangi la lita 5,000, likimwaga lita 1,000 kwa dakika, linakauka baada ya dakika 5. Dakika 5! Baada ya hapo ni chuma chekundu kilichosimama. Ndiyo maana umati huwashukia askari wa zimamoto ukidai wamekuja bila maji, kumbe walikuja nayo yakaisha. Gari haliwezi kuushinda moto mkubwa bila bomba la barabarani la kujazia tena. Je, Kithyoko tuna mabomba hayo mangapi? Tala? Matuu? Swali hilo halijawahi kuulizwa katika mkutano wa hadhara niliohudhuria, na nimehudhuria mingi kuliko inavyofaa kwa afya.

Tena hapa kwetu swali hilo lina kejeli yake. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 na lenye ziwa pana kuliko mabwawa mengine ya Kenya, liko mlangoni petu. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau, unapeleka maji ya mto Thika mpaka maeneo ya Matuu. Tunaishi kati ya maji mengi yaliyosukumwa na serikali mbili, ya mkoloni na yetu, na bado kibanda kikiwaka tunamwagia mchanga na maji ya kunawia mikono.

Hata penye mji mkubwa mambo si tofauti sana. Tarehe 7 Agosti 2013 sehemu ya abiria wanaowasili katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliteketea, na dunia ikaona picha za maafisa wetu wakipokezana ndoo za maji. Picha moja kati ya hizo, kubwa, ingetundikwa ukutani mwa makumbusho, mbele ya gari kuukuu. Mtoto wa darasa la sita angeuliza swali ambalo wabunge hawakuliuliza.

Waingereza wenyewe walifika walipo kwa kuumia. Mwaka 1861 maghala ya Tooley Street, London, yaliwaka kwa siku nyingi, na ukuta ukamwangukia James Braidwood, mkuu wa kikosi cha zimamoto ambacho kilikuwa mali ya kampuni za bima. Jiji lote lilimzika. Miaka 4 baadaye, 1865, ikapitishwa sheria ya kuunda kikosi cha umma. Hasira ya mazishi iliwekwa, haikuachwa ipoe. Sisi hasira yetu huisha na matanga.

Kitakachokuwa ndani

Sitaki jengo la kioo. Nataka gari, likiwa limefunguliwa ubavu ili pampu ionekane. Nataka pampu ya mkono ambayo watoto wanne wanaweza kuipiga kwa zamu wakaona maji yanaruka umbali gani na mikono inachoka haraka kiasi gani. Nataka mlango wa bweni, kitasa chake na kufuli yake, na mtu awaambie wageni waufungue gizani.

Kisha nataka meza ya jikoni, kwa maana moto mwingi wa nyumba zetu hauanzi kwa waasi wa shule. Unaanza kwa baba aliyejaza taa mafuta ikiwaka, kwa waya uliokatwa na kuungwa kwa gundi ya plasta, kwa mtungi wa gesi ambao mpira wake umeliwa na panya. Ni akina mama wangapi wanajua kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kukaa huko ikingoja cheche? Mtu akinusa gesi hukimbilia kuwasha taa atazame. Ni akina nani wanajua kwamba mafuta ya chipsi yakishika moto ukiyamwagia maji unauongeza, na kwamba dawa ni kufunika karai kwa mfuniko au kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa na kuzima jiko? Katika Kithyoko ninayoiona, mwenye karai ana ndoo ya maji miguuni na anaamini amejikinga.

Picha za miili sizitaki. Tumezoea kuzituma kwenye simu, na hazijafundisha lolote. Na habari za Kyanguli zisiwekwe ukutani kabla wazazi hawajakaa, wakasema lipi liandikwe na lipi liachwe. Makaburi ni yao. Kaunti ni mwangalizi tu.

Vilevile nataka orodha ya askari wa zimamoto wa kaunti hii, waliopo na waliostaafu, yenye majina na miaka ya kazi. Mwanajeshi akifa ana nembo, ana mizinga. Huyu aliyeingia ndani ya moshi mara mia kwa mshahara wa kaunti ana nini?

Sheria haizuii

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti kazi nyingi. Ndani ya orodha hiyo ya kaunti kuna huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Na ndani ya orodha hiyo hiyo kuna makumbusho. Gavana hawezi kusema kwamba moja ni la Nairobi. Yote mawili ni yake, yametajwa katika karatasi moja.

Kuhusu mnada, Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataja njia kadhaa za kuondoa mali isiyotumika. Mnada ni mojawapo tu. Njia ya kwanza kabisa iliyotajwa ni kuihamishia taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Afisa atakayewaambia kwamba lazima gari liuzwe anasoma kifungu kutoka chini.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni katika wadi zao. Wengi wetu hatuendi. Wanaokwenda huomba barabara na visima, na sina ugomvi na barabara wala visima. Safari hii mmoja wetu kutoka Kithyoko anyanyue mkono aulize mambo manne, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao: magari ya zimamoto yaliyostaafu ya Machakos ni mangapi, yako yadi gani, daftari zake za kazi zinatunzwa na nani, na lini mara ya mwisho mtu alipima maji kwenye mabomba ya barabarani kati ya Tala na hapa.